Kocha mkuu wa mieleka sekondari, miaka 24, zimebaki wiki sita: nianzie wapi?

KochaMpya_Iowa

Wakuu, habari za huko. Nina miaka 24 na nimekabidhiwa ukocha mkuu wa mieleka ya wavulana katika shule moja ya sekondari mashariki mwa Iowa, baada ya misimu miwili ya usaidizi. Timu ina vijana 28. Karibu nusu wanatoka nyumba zinazoongea Kiswahili: Wakongomani, Warundi, Watanzania wachache. Wasaidizi ni wawili, mmoja ni mtu wa kumwamkia shikamoo. Mikeka miwili ya futi 42 kwa 42, mmoja wetu na mwingine wa wasichana, ambao wana kocha wao. Mazoezi yanaanza katikati ya Novemba.

Mbinu za mkekani hazinipi shida. Kinachoniumiza kichwa ni uzito, ngozi, wazazi, wasaidizi, na hawa vijana wa darasa la 12 ambao nimewazidi miaka sita tu. Naomba majibu ya kazi, ya kutiana moyo tuyaache kwa leo.

---

MzaniHauongopi

Mkuu, hongera. Anza na mzani. Hapo ndipo makocha vijana wanapoharibu, na hapo ndipo mtoto anaweza kupoteza maisha. Mwishoni mwa mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walifariki ndani ya wiki chache, wote wakijitoa jasho kwa nguvu ili wafikie uzito. Sehemu kubwa ya kanuni za kupima uzito utakazozikuta leo zilikazwa baada ya vifo vile.

Kipimo cha kwanza cha kumwekea kijana uzito wa chini ni mkojo, kuona kama ana maji ya kutosha mwilini. Ukolezi wake (uzito wa mkojo ukilinganishwa na maji) usizidi 1.025. Kijana akizidi hapo, hapimwi mafuta siku hiyo, anarudi siku nyingine. Wengi wanaofeli si wagonjwa. Wameuogopa mzani, hawajanywa maji tangu jana yake. Waambie siku mbili kabla: kunywa kama kawaida mchana kutwa, tena wasije wakagugumia lita tatu saa moja kabla ya kipimo, maana hilo nalo lina hatari yake.

Kipimo cha pili ni mafuta ya mwili. Mvulana haruhusiwi kushuka chini ya asilimia 7, msichana chini ya asilimia 12. Hesabu yake ujue kuifanya kwa mkono, usitegemee programu peke yake, kwa sababu mzazi atakuuliza uso kwa uso. Chukua kijana wa ratili 160 mwenye mafuta asilimia 12. Mwili bila mafuta ni 160 × 0.88 = 140.8. Gawa kwa 0.93, unapata 151.4. Hiyo ndiyo sakafu yake. Daraja la 150 limefungwa kwake, la chini kabisa ni 157. Kasi ya kushuka haivuki asilimia 1.5 ya uzito kwa wiki, yaani kwake ratili 2.4. Ratili tatu za kufika 157 zinahitaji siku tisa hivi, si mwisho wa wiki mmoja.

Sasa kosa lenyewe. Kijana anasikia "151.4" anaielewa kama lengo. Ile ni sakafu. Kwa kijana wa miaka 15 anayekua, asilimia 7 ni njaa, na utaiona mwezi wa pili: hana miguu raundi ya tatu, alama za darasani zimeshuka, mafua hayamwishi. Mweke kwenye daraja analoweza kulifikia akiwa anakula chakula cha jioni na wenzake nyumbani.

Kila siku apime kabla na baada ya mazoezi, ukiandika kwenye daftari. Usibandike ukutani, uzito wa mtoto si tangazo. Kupoteza ratili mbili hadi nne ndani ya mazoezi ni maji, na kesho yake yanapaswa yawe yamerudi. Akija na upungufu unaozidi asilimia 2 ya uzito wa jana kabla ya mazoezi, siku hiyo anafanya mbinu polepole tu, na unamuuliza alikula nini. Suti za mpira au plastiki, vyumba vya joto na dawa za kukojosha vimepigwa marufuku, na anayetumia anaondolewa mashindanoni. Iweke kwa maandishi kwamba hata kwako ni hivyo hivyo.

Jambo la mwisho, kupanga timu. Madaraja ni 14: 106, 113, 120, 126, 132, 138, 144, 150, 157, 165, 175, 190, 215, 285. Daraja tupu linampa mpinzani pointi 6, sawa na kubandikwa mabega mkekani. Matatu tupu ni 18 kabla filimbi haijalia, na hapo kocha kijana anaanza kumtazama mtoto wa 113 akisema "wewe ungeshuka 106". Usiguse hapo. Ziba pengo kwa kupandisha: mtu anaruhusiwa daraja moja juu ya lile ambalo uzito wake halisi wa siku hiyo unamstahilisha. Mwenye 118 anacheza 120 au 126, ila 132 hapana.

---

Uzio_na_Mlango

Nijibu hilo la umri na wasaidizi.

Miaka sita ni michache, kwa hiyo mipaka uiweke siku ya kwanza, mapema kuliko kocha wa miaka 45 ambaye mvi zinamfanyia kazi hiyo. Ujumbe wa simu uende kwenye kundi lililoidhinishwa na shule, ndani yake akiwemo mtu mzima mwingine. Kijana akikuandikia peke yake, jibu ukimwongeza msaidizi au mzazi. Akaunti zako binafsi za mitandao zisiwe na mwanafunzi hata mmoja, pamoja na wale uliokuwa nao ulipokuwa msaidizi. Usimpakie kijana mmoja kwenye gari lako, hata mvua ikinyesha. Tafuta mapema mpango wa usafiri kwa wanaobaki nyuma, maana ukiwa nao 28, kila jioni kuna mmoja ambaye hajachukuliwa. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo wawe watu wazima wawili, mlangoni, mkisikia bila kukodoa macho. Unyanyasaji wa vijana wageni kwenye timu hutokea humo, ndani ya zile dakika kumi ambazo kocha yuko ofisini anajibu barua pepe.

Lingine ambalo makocha vijana hawapendi kulisikia ni kushikana wewe na wanafunzi. Una nguvu bado, na mkono unawasha. Ukiingia mkekani kwa nguvu zote, umemhatarisha mtoto ambaye mifupa yake haijakomaa, na papo hapo vijana wengine 27 hawana anayewaangalia. Nafasi yako ni kuonyesha mbinu, kisha kusimama. Ukilazimika kuwa mwenza wa mtu kwa sababu idadi ni witiri, fanya kwa nusu ya nguvu, mbinu iliyotajwa tu, msaidizi akiwa amesimama.

Kuhusu msaidizi mzee: mtembelee kabla ya kikao chochote. Mwamkie, mwambie unahitaji nini kwake, kisha mpe eneo lake kamili ambalo wewe huliingilii. Kwa mfano yeye achukue mafunzo ya chini, yaani aliye juu na aliye chini, kwa madaraja ya 165 kwenda juu. Mdogo apewe madaraja mepesi, daftari la uzito na fomu za ngozi. Andika ukurasa mmoja kwa kila mtu: anafika saa ngapi, anafunga mlango gani, nani anapiga 911. Mkitofautiana, mtofautiane ofisini. Vijana wakigundua kuna makocha wakuu wawili watachagua yule anayewaambia wanachopenda.

Na umweleze kwa heshima kwamba hesabu za pointi zimebadilika, kama hajazizoea. Tangu msimu wa 2024–25 kumwangusha mpinzani ni pointi 3, zamani zilikuwa 2. Kujinasua bado ni 1, kugeuza ni 2, na kumweka mgongo hatarini ni 2, 3 au 4, kulingana na sekunde 2, 3 au 4 alizoshikiliwa. Ukimwangusha na kumwachia ainuke, unabaki na faida ya mbili kila mzunguko, ambapo zamani ilikuwa moja. Mazoezi yaliyojaa kazi ya chini kwa mazoea yanapaswa kupunguzwa.

---

DadaFizio

Kocha, naongezea ya afya. Nitakaa zaidi kwenye mawili yanayowahusu hasa vijana ulionao.

Ngozi kwanza. Kila siku kabla ya mazoezi, dakika tatu: uso, shingo, kichwa, mikono, magoti. Upande wa kulia wa uso uutazame mara mbili. Wanamieleka wengi hubanana vichwa upande huo, na malengelenge ya virusi vya herpesi huanzia hapo, yakija kama vipele vidogo vya maji vilivyosongamana, mara nyingi na homa au tezi za shingo kuvimba. Vitabu vingi vinaeleza choa kama duara jekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani. Tafuta duara la kahawia au la kijivu lenye magamba pembeni, na waambie wasaidizi wako jambo hilo waziwazi maana wanaweza kulipita. Mapunye nayo hujificha chini ya mabutu na rasta, kwa hiyo uliza kama kichwa kinawasha au nywele zinakatika kipande.

Muda wa kukaa nje kwa fomu ya NFHS (shirikisho la michezo ya sekondari Marekani): choa cha mwilini, dawa ya kupaka au ya kumeza kwa saa 72. Mapunye, dawa ya kumeza siku 14, maana krimu haifiki kwenye shina la unywele. Hapo ndipo familia nyingi zinakwama: mama amepaka krimu mwezi mzima kwa bidii na mtoto bado anawaambukiza wenzake. Majipu na vidonda vya usaha: antibayotiki siku tatu kwa uchache, vidonda vikauke bila kuvuja, na pasiwe na kipya kwa saa 48. Herpesi ya mara ya kwanza ni siku 10 za dawa, au 14 akiwa na homa na tezi. Ikimrudia, saa 120. Fomu isainiwe na mtaalamu wa afya na isafiri nanyi hadi kwenye mzani. Nakala ya simuni isitegemewe.

Mkeka: fagia kwanza, kisha piga deki. Vumbi na jasho hula nguvu ya dawa, ndiyo maana deki juu ya uchafu haisaidii kitu. Kama mtengenezaji wa mkeka anaruhusu klorini, ni sehemu 1 ya jiki kwa 100 za maji, yaani kama mililita 40 kwa galoni. Ichanganywe siku hiyohiyo, iachwe ikiwa mbichi dakika 10, ifutwe kwa maji. Deki ya chooni isiguse mkeka kamwe. Viatu vya mieleka visitembee korido.

Sasa hili. Watoto wanaozaliwa Marekani hupimwa selimundu wakiwa wachanga. Kijana aliyezaliwa Nyarugusu au Uvira huenda hajapimwa maishani mwake. Mwenye AS, yaani aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu, anaishi vizuri na anacheza mieleka vizuri, lakini akisukumwa kwa mbio za nguvu zote mfululizo, hasa wiki ya kwanza, akiwa na upungufu wa maji au pumu, chembe zake za damu zinaweza kubadilika umbo na misuli ikakosa damu. Dalili zake hudanganya. Miguu inaishiwa nguvu na kuuma, anakaa chini, ila misuli haijakakamaa kama mkazo wa kawaida, na anaongea vizuri. Kocha anadhani ni uvivu, anamwinua. Hilo ndilo linaloua. Simamisha, mpe oksijeni kama ipo, piga 911, waambie neno AS. Kinga yake ni rahisi: zungumza na wazazi na daktari kuhusu kupima wakati wa uchunguzi wa afya wa kabla ya msimu, mazoezi ya pumzi yapande taratibu kwa wiki mbili hadi tatu, na mwenye AS asiwekwe kwenye mpango wowote wa kushusha uzito.

La pili, kama una Waislamu. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza kama tarehe 8 Februari, katikati kabisa ya mashindano ya kufuzu na ya jimbo. Panga Novemba, usingoje Februari. Kijana anayefunga awekwe daraja la uzito wake wa kawaida bila kushuka. Mazoezi magumu yaweke karibu na futari, siku nyingine afanye mbinu bila pambano la kweli. Uamuzi wa kufunga siku ya shindano ni wake na wazazi wake. Kocha haulizii mara mbili.

Mtoto aliyegonga kichwa hana mjadala: anatoka, harudi siku hiyo, na harudi kabisa bila karatasi ya mtaalamu wa afya. Kisha anapanda hatua kwa hatua, kila moja saa 24 kwa uchache.

---

KochaMpya_Iowa

Nashukuru sana. Dada, hilo la AS sikulisikia kwenye kozi yoyote. Maswali mawili yamebaki: jozi 14 za vijana kwenye mkeka mmoja nazipangaje bila kuumizana, na kikao cha wazazi nikiendesheje wakati wengine hawajui Kiingereza?

---

MzaniHauongopi

Mkeka wa futi 42 ukigawa mara nne kila upande unapata miraba 16 ya futi 10 na nusu. Jozi 14 zinaenea kwa mazoezi ya mbinu. Kwa pambano la kweli hazienei: goti linaumia pale jozi moja inapoangukia miguu ya jozi ya jirani. Piga chaki au utepe, waingie 7 kwa wakati, kila jozi na miraba miwili. Jozi 7 nyingine ziwe ukingoni, kila mmoja akimlinda mwenzake aliyeko ndani kwa kumrudisha akikaribia ukuta. Dakika mbili ndani, dakika mbili nje, kwa sababu raundi zenu ni za dakika mbili. Wapange kwa uzito usiotofautiana zaidi ya asilimia 10 hivi.

Saa moja na dakika 50 zinatosha. Ngozi na mzani 10, kupasha mwili 12, kurudia mbinu za jana 15, mbinu mpya 18 na isiwe zaidi ya mbili, hali maalumu kama mguu mmoja umeshikwa kando ya mstari 20, pambano la kweli 20, pumzi 8, maji na maneno ya mwisho 7. Ukiona umezungumza zaidi ya dakika tatu mfululizo, vijana wamepoa na ndipo misuli inachanika.

---

MamaMkalimani

Mwanangu, kikao kifanye kabla ya zoezi la kwanza, jioni, dakika 40. Shule inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, kwa hiyo omba mkalimani kwa mkurugenzi wa michezo wiki tatu kabla. Asitumike mtoto kumtafsiria mzazi wake. Ukisema "asishushe uzito", yeye anafikisha "kocha anasema sawa". Tena uliza ni Kiswahili, Kinyamulenge, Kirundi au Kibembe, maana wengine Kiswahili wanakielewa cha sokoni tu, fomu za hospitali hawazielewi.

Wazazi wengi wanachojua kama mieleka ni ile ya televisheni, ya kupigana viti. Waonyeshe video ya dakika mbili ya pambano la sekondari, pamoja na mwamuzi akisimamisha mtu aliyebebwa vibaya. Wengine nao wameona mieleka ya vijijini, na hao watakuelewa upesi. Waeleze kwa mpangilio huu: uchunguzi wa afya na nani anaulipia, bima, saa ya kurudi basi Jumamosi (mashindano yanaweza kwisha usiku), chakula, ngozi. Kuhusu jezi, tangu 2017 vipande viwili vinaruhusiwa, kaptula na fulana ya kubana, hivyo singleti (jezi ya kubana ya kipande kimoja) isiwe sababu ya mzazi kukataa. Waeleze pia kwamba mtoto kukaa nje kwa sababu ya choa si aibu wala adhabu.

Akina mama watakuuliza masikio. Kinga ya masikio ivaliwe mazoezini pia. Sikio likijaa damu, lishughulikiwe na daktari mapema kabla halijagandamana, maana likishaganda hubaki na umbo lile.

---

KochaMpya_Iowa

Asante mama, shikamoo. La mwisho kabisa: mchujo wa ndani. Wazazi watauliza kwa nini mtoto wao hachezi timu ya kwanza.

---

Uzio_na_Mlango

Kanuni iwe ukurasa mmoja. Mchujo ni Jumatatu au Jumanne, pambano kamili la raundi tatu, mbele ya timu nzima. Mwenye nafasi akipoteza, wanarudiana siku inayofuata. Mpinzani anahitaji kumshinda mara mbili ndipo achukue nafasi, vinginevyo utabadilisha timu kila wiki kwa bahati ya siku moja. Kila mmoja apimwe uzito siku hiyo. Asiyefikia daraja hachuani. Aliye mgonjwa kwa karatasi ya daktari hapotezi nafasi, anachujwa akirudi. Msaidizi mzee ndiye awe mwamuzi, wewe shika saa, na pambano lirekodiwe. Mzazi mwenye malalamiko asubiri saa 24 baada ya shindano, aje ofisini, mazungumzo yawe juu ya mtoto wake peke yake.

Ibandike kabla ya zoezi la kwanza. Ukiibandika baada ya mchujo wa kwanza, aliyeshindwa na baba yake wataamini imeandikwa kwa ajili yao.